Wimbo Uliokuwa Ukishuka

Ngazi za ukumbi wa chama cha wafanyakazi zilikuwa ishirini na mbili, na Besi alizijua moja moja, kama mtu anavyowajua majirani wasumbufu. Kila Jumamosi saa saba mchana alizipanda, gitaa mgongoni na amplifaya mkononi. Ngazi ya kumi na mbili alipumzika. Ya kumi na tisa alimlaani mjenzi. Alikuwa na miaka sitini na minane, na goti lake la kulia lilikuwa limeshajiuzulu kazi bila hata kumwandikia barua.

Wenzake wa bendi walifika saa nane. Ile saa moja ya kuwatangulia, watu waliiita bidii, na msimamizi wa ukumbi alikuwa akimtolea mfano kwa wafagiaji wake: "Mtazameni mzee Besi, hajachelewa hata siku moja." Bidii gani! Besi alikuwa na jambo la kumficha mtu, na anayeficha jambo hana budi kuwahi. Mtu mwenyewe alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwimbaji wa bendi, ambaye mji mzima ulimwita Tarumbeta.

Ili jambo hilo lieleweke, lazima wimbo wenyewe uelezwe kwanza, maana wako watu waliousikia maisha yao yote na hawajui ulivyoumbwa. Unaitwa "Bado Niko Macho". Ulirekodiwa miaka arobaini na mmoja iliyopita na vijana wanne wa kiwanda cha kuchapa magazeti. Bendi yao waliiita Zamu ya Tatu, kwa sababu ndiyo zamu waliyopangiwa kila walipothubutu kumjibu mkuu wao. Ni roki, tena roki ya kelele, ya aina ambayo wazazi wao walidhani ni ugonjwa utakaopita.

Besi alikuwa mwendesha mtambo. Mtambo ule ulikuwa na mwendo wake: vishindo vitatu vizito, kisha kimoja chepesi, halafu tena vitatu. Usiku baada ya usiku vishindo hivyo vilimwingia miguuni, na alipopata gitaa la besi la mitumba vidole vikavipiga vyenyewe. Hizo ndizo noti nne za mwanzo ambazo leo kila mtoto mwenye gitaa anaanza kujifunza nazo. Tarumbeta kazi yake ilikuwa kufunga magazeti kwa kamba upande wa pili wa jengo. Akitaka kamba nyingine ilimbidi aiite juu ya kelele za mtambo, na kwa miaka sita ya kuita kamba sauti yake ikawa chuma.

Siku ya kurekodi walikuwa na studio kwa saa tatu na kanda moja. Besi alianza, na mpiga dramu alipotakiwa kuingia, parafujo ya kanyagio lake ilikuwa imechomoka na kubingirikia chini ya kabati. Fundi wa studio hakusimamisha kanda. Basi Besi akaendelea peke yake, raundi ya pili, ya tatu, ya nne, jasho likimtiririka, huku mwenzake akitambaa sakafuni kama paka anayewinda. Raundi ya nane dramu zikaingia kwa hasira. Gitaa la kuongoza linakoroma vile kwa sababu paa la studio lilivuja kila mvua iliponyesha, na spika yake ilikuwa imelowa tangu juzi. Kiitikio hakuna mpaka ubeti wa tatu uishe, kwa kuwa Tarumbeta alikisahau mara mbili za mwanzo. Alipokikumbuka alikipanda kwa ile noti ya juu, neno "macho", na kuishikilia mapigo kumi na sita akisubiri fundi ampe ishara ya kushuka, na fundi alikuwa ameinama akitafuta kiberiti. Na mwisho wa wimbo, pale unapokatika ghafla na watu wanapodhani ni ufundi mkubwa, kanda ilikwisha.

Huo ndio wimbo. Uliwapa umaarufu wa miaka mitatu, kisha wakarudi kwenye magazeti yao. Lakini kila Jumamosi, kuanzia saa kumi hadi kumi na mbili jioni, walipiga kwenye ukumbi wa chama, na "Bado Niko Macho" ndio uliofunga dansi. Mpiga dramu wa kwanza alifariki. Mahali pake aliingia muuguzi mstaafu ambaye wote walimwita Sista, na ambaye alipiga dramu kama anayewaamsha wagonjwa. Mke wa Besi hakukosa Jumamosi hata moja.

Miaka kumi na moja iliyopita, mwaka ule ule kiwanda kilipofungwa, Tarumbeta alipanda kwenye "macho" na sauti ikakatika. Haikukwaruza; ilikatika. Watu walicheka kidogo, wakampigia makofi ya kumpa pole, ambayo ni mabaya kuliko kuzomewa. Nyuma ya jukwaa aliketi juu ya kreti la soda na kujifunika uso kwa viganja. Wiki hiyo mkewe Besi alimjia mumewe jikoni, akaufunga mlango.

"Kaka yangu hana kingine," alisema. "Akiacha kuimba, nitamzika mwaka haujaisha. Wewe mpiga muziki, fanya jambo."

Besi akafanya jambo. Jumamosi iliyofuata aliwahi, akalegeza nyuzi zake zote nusu toni, yaani kiasi cha kutoka ufunguo mweupe wa kinanda hadi mweusi ulio jirani yake. Mpiga gitaa la kuongoza alikuwa Fundi Saa, ambaye riziki yake, tangu atoke kiwandani, ilikuwa kutengeneza saa za watu.

"Yaani unataka nirudishe saa nyuma?" aliuliza Fundi Saa.

"Kidogo tu."

"Kazi yangu yote duniani ni kuzuia hilo," alisema, lakini akalegeza. Jioni ile Tarumbeta alipanda kwenye noti yake na kuikuta pale pale mlangoni. Aliishikilia mapigo kumi na sita, akashuka jukwaani akitembea kama bwana harusi.

Baada ya miaka mitatu ilibidi washushe tena. Kisha tena, na tena. Sasa walikuwa nusu toni nne chini ya wimbo wa kwenye kanda, na nyuzi za gitaa la Besi zilikuwa zimelegea hata zikigongana na mti wa gitaa, zikinung'unika kama mzee aliyeamshwa. Nyuzi zilizolegezwa hivyo hazitulii. Kila wiki zilihitaji kupatanishwa upya, na Tarumbeta hakutakiwa kusikia kupatanisha huko. Ndiyo maana ya saa saba mchana. Ndiyo maana pia siku moja, mashemeji hao wawili walipoingia dukani kununua sabuni na redio ya muuzaji ikaanza zile noti nne za kweli, za juu, Besi alishika kifua na kujiangusha juu ya magunia ya mchele. Tarumbeta alimbeba hadi zahanati. Besi alipimwa, akachomwa sindano ya kitu asichokijua, na kulazwa nusu siku, mzima wa afya.

Kwa hiyo alikuwa amechoka, na si kuchoka kwa kulala ukapona. Vidole vilikufa ganzi hadi Jumatano. Alitamani Jumamosi moja ya kukaa barazani na miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Lakini angeacha vipi? Akija mpiga besi mwingine atapatanisha nyuzi kama dunia nzima inavyopatanisha, na Tarumbeta atapanda kwenye "macho" asilikute, mbele za watu. Besi alimpenda shemeji yake. Siku nyingine alimchukia pia, kwa ajili hiyo hiyo.

Mambo yalifika ukingoni alipokuja mtangazaji.

Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye mkoba uliojaa nyaya, anayetengeneza vipindi vya redio kuhusu nyimbo za zamani na namna zilivyotungwa. Dansi la Jumamosi ile liliahirishwa ili awarekodi wazee wakizungumza na kupiga. Besi alikuwa hajamaliza ngazi ya kumi na tano alipowasikia wote juu wakicheka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja Tarumbeta alikuwa amemtangulia.

"Wazee wangu," binti alianza, kinasa sauti mezani, "kile kimya cha dramu mwanzoni, raundi saba za besi peke yake. Mimi siku zote nimekielewa kama upweke wa mfanyakazi."

"Ilikuwa parafujo," alisema Tarumbeta.

"Samahani?"

"Parafujo, mwanangu. Iliingia chini ya kabati."

Binti akaandika, lakini ilionekana wazi kwamba upweke wa mfanyakazi ulimpendeza zaidi. Akauliza kuhusu kukoroma kwa gitaa, akaambiwa paa. Akauliza kuhusu mwisho uliokatika, akaambiwa kanda. Sista, ambaye hakuwapo enzi hizo, alicheka mpaka akashika mbavu. Besi peke yake hakucheka. Alikuwa ameiona kompyuta ndogo ikifunguliwa na waya ukichomekwa kwenye spika za ukumbi.

"Tuusikilize wote kwanza," alisema binti.

"Umeme wa hapa si wa kuaminika," Besi alisema haraka. "Utakuunguzia mashine."

"Ina betri, mzee."

"Basi spika ni mbovu."

"Spika si ulizitengeneza wewe juzi?" aliuliza Fundi Saa, ambaye kichwa chake kilijaa saa na hakikuwa na nafasi ya hila. Besi alimtazama kwa jicho la kuua, lakini kuku alikuwa ameshatoka bandani. Binti akabonyeza.

Vishindo vitatu vizito, kimoja chepesi. Juu kabisa, vikali, vya watu wenye miaka ishirini na saba. Besi alitazama sakafu. Akasikia dramu zikiingia, akamsikia marehemu, akasikia ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha ile sauti ya chuma ikapanda ikakaa, mapigo kumi na sita, bila hata kutetemeka. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe ndicho kile, kikitoka kwenye spika alizozitengeneza kwa mikono yake. Wimbo ukakatika. Tarumbeta hakusogea kwenye kiti.

"Sasa nipigieni nyinyi," alisema binti. Besi akagusa uzi mmoja tu, na binti akainua kichwa kama swala. "Ngoja. Mbona mko chini hivi?" Akabonyeza kinanda kidogo kwenye simu yake, akasikiliza. "Nusu toni nne kamili. Mliamua lini kuushusha?"

"Nyuzi za siku hizi," Besi alianza, "zinatengenezwa kwa chuma kibaya..."

"Waliushusha kwa ajili yangu," alisema Tarumbeta. "Koo limezeeka. Andika hivyo hivyo, mwanangu, usiweke sukari." Kisha akamgeukia Besi. "Pandisha, shemeji. Mpaka pale pa kanda."

"Uzi utakatika."

"Ukikatika tutakuwa wawili. Pandisha."

Besi akashika vifunguo vya gitaa. Miaka kumi na moja ya kulegeza aliikaza kwa dakika mbili. Fundi Saa naye akapandisha. Uzi haukukatika. Walipopiga noti za kwanza, gitaa lililonung'unika miaka yote hiyo lilisimama wima, na Besi, pamoja na uchovu wake wote na hofu yake, alifurahi kiasi cha kutaka kulia. Tarumbeta aliimba beti tatu kwa sauti ya chini, karibu ya mazungumzo. Ilipofika zamu ya "macho" alirudi hatua moja nyuma ya kipaza sauti, akafumba mdomo na kuwaacha wapige mapigo kumi na sita matupu, mikono mifukoni, akisikiliza mahali alipopaswa kuwa. Kisha akamalizia.

"Huo ukimya!" binti alisema, macho yakimng'aa. "Huo ukimya una nguvu kuliko noti yenyewe." Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana naye.

Baada ya kuagana na wengine, mashemeji wawili waliteremka na amplifaya, kila mmoja upande wake. Ngazi ya kumi na mbili wakaitua na kuketi.

"Umejua lini?" aliuliza Besi.

"Jumamosi ya kwanza. Koo langu mwenyewe, nisijue? Wimbo ulionichana wiki iliyotangulia, ghafla unapita kama uji."

"Na ile siku ya dukani?"

"Nilijua huumwi. Ulijiangusha kwa uangalifu mno, ukachagua magunia laini." Tarumbeta akakohoa. "Sindano nilikuombea mimi. Nilikuwa na hasira."

Besi alitaka kukasirika, akakosa mahali pa kuanzia. "Sasa mbona hukusema? Miaka kumi na moja mimi napanda hizi ngazi kama punda!"

"Ningesemaje? Mimi nilitaka kuacha siku ile ile, juu ya lile kreti. Nilishachoka, shemeji. Kila Ijumaa usiku nalala na kitambaa cha chumvi ya moto shingoni. Lakini dada alikuja kwangu, kiwanda kimefungwa, wewe unashinda unatazama ukuta. Akaniambia, 'Mume wangu hana kingine. Ukiacha kuimba, nitamzika mwaka haujaisha.'"

Besi akageuka polepole, kwa sababu ya shingo na kwa sababu ya maneno. "Alisema atamzika nani?"

"Wewe."

"Rudia alivyosema."

Tarumbeta akarudia.

"Mimi aliniambia utazikwa wewe," alisema Besi. "Kwa maneno hayo hayo. Hata hilo la 'mwaka haujaisha' lilikuwa vile vile."

Walikaa pale hadi mfagiaji alipowaomba wapishe. Hawakucheka. Labda watu wengine wangecheka. Wao walikuwa wakihesabu Jumamosi, na zilikuwa nyingi sana.

Walimkuta nyumbani akipiga pasi. Alipowaona wameingia pamoja bila hata salamu, alichomoa pasi ukutani na kuisimamisha. Mwanamke yule hakuwa mjinga hata siku moja.

"Nani kasema?" aliuliza.

"Wote wawili," alijibu kaka yake. "Kumbe tulikuwa maiti wako sote, dada, kila mtu na kaburi lake."

Aliketi. Hakukana wala hakulia, na Besi, aliyekuja na maneno makali tangu ngazi ya kumi na mbili, aliyaona yakimponyoka.

"Nilidanganya," alisema mkewe. "Hakuna ambaye angekufa. Mngenuna miezi miwili, halafu mngepata bao la kuchezea na kuzoea. Mimi ndiye nisingezoea. Wiki nzima mimi ni bibi wa wajukuu, ni mgonjwa wa presha, ni yule mama wa nyumba ya kona. Jumamosi ukianza ule wimbo, dakika nne, nakuwa mimi. Sina kingine kinachonifanya hivyo. Nimejaribu kanisani, nimejaribu na kikundi cha ufumaji. Hakuna."

"Si ungesema tu?" alisema Besi. "Ungeniambia, 'Mume wangu, nipigie.'"

"Ningesema hivyo, ungepanda zile ngazi miaka kumi na moja?"

Besi akafikiri. Angeweza kumpa jibu zuri. Lilikuwa tayari mdomoni, na ndoa nyingi zimejengwa kwa majibu ya namna hiyo. Lakini siku ile walikuwa wamedanganyana vya kutosha.

"Nisingepanda," alisema.

"Najua," alisema mkewe, na akaanza kulikunja shati lililokuwa halijapigwa pasi upande mmoja.

Tarumbeta alijikalisha kwenye kochi na kuvua viatu. Besi akachukua simu, akampigia msimamizi wa ukumbi. Akamwambia Jumamosi ijayo hawatakuja.

"Poleni, mzee Besi. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Tumechoka."

"Sawa. Mpaka lini niandike?"

Swali hilo alikuwa amelingoja miaka kumi na moja mtu amuulize. Jibu lake lilikuwa na neno moja, naye alilijua, na mwili wake wote ulilitaka: goti, vidole, mgongo. Akamtazama shemeji yake, aliyekuwa akiichunguza soksi yake kana kwamba ina maandishi. Akamtazama mkewe, aliyekuwa ameinamia shati.

"Wiki mbili," alisema Besi, na akajikasirikia hapo hapo.

Mkewe hakuinua uso. Lakini mkono mmoja uliliacha shati, na bila haya hata chembe akanyoosha kidole kimoja.

Besi akakitazama kile kidole kwa muda mrefu. Upande wa pili wa simu msimamizi aliita, "Haloo? Haloo?"

"Samahani," alisema Besi. "Andika wiki moja."

Akakata simu, akaenda kulala saa kumi na moja na nusu jioni, na hakuna aliyemzuia.